Nilivyojifunza Kumsikiliza Shakespeare

Mara ya kwanza kwenda kuona Hamlet, tamthiliya ya Shakespeare, jukwaani, nilitoka wakati wa mapumziko na sikurudi. Pesa ya tiketi niliidunduliza kwa muda mrefu. Nilichukua kiti cha juu, nyuma kabisa, kwa kuwa ndicho nilichokimudu, na mapajani nikaweka kitabu cha tamthiliya yenyewe nipate kufuata neno kwa neno. Dada yangu alikaa pembeni, mikono mitupu. Taa za ukumbi zilipozimwa sikuona tena maandishi. Nikawasha simu nimulike, mtu wa mbele yangu akageuka akaniomba niizime. Nikaizima, kisha nikaiwasha tena chini ya mtandio. Kila nikiinua kichwa nakuta wameniacha: mimi bado niko na walinzi wa usiku, wao wameshafika kwa mzimu wa mfalme, baba yake Hamlet. Baadaye niling'amua kwamba mistari mingi ilikuwa imekatwa, na kwamba muda wote huo nilikuwa nasubiri maneno ambayo hayakuwa yanakuja.

Dada alinikuta nje, nimekaa kwenye ngazi.

"Mbona umetoka?"

"Dada, sielewi kitu. Hata sentensi moja."

"Hata mimi maneno mengi yamenipita, mdogo wangu. Lakini yule kijana anaumia kwa ajili ya baba yake, na mama yake hataki kuliona hilo. Umeuona uso wake?"

Sikuwa nimeuona. Muda wote nilikuwa nimeinamia kitabu. Yeye akarudi ndani, mimi nikaenda zangu, na kwa miaka kadhaa nikawa nasema tamthiliya hizi ni za watu waliozaliwa na Kiingereza mdomoni. Ilinichukua muda kugundua kwamba hata wao Kiingereza hicho kinawapa shida. Shakespeare alifariki mwaka 1616, na lugha haikukaa ikimsubiri mtu. Naandika haya kwa ajili ya yeyote aliyekaa kwenye ngazi kama zile, asipoteze miaka kama niliyopoteza mimi.

Nilipojaribu tena, nilijaribu kwa kamusi. Nilijifungia na Hamlet na daftari, kila neno nisilolijua nikaliandika na maana yake pembeni. Tendo la kwanza peke yake lilinila wiki tatu. Daftari lilijaa, lakini ungeniuliza kilichotokea kati ya Hamlet na yule mzimu ningekujibu kwa msamiati tu.

Kibaya zaidi, maneno magumu hayakuwa ndiyo yaliyonipotosha. Neno gumu linajitangaza, unasimama, unalitafuta. Yaliyonipotosha ni yale niliyodhani nayajua. Rafiki zake Hamlet wanapomshika asiufuate mzimu, anawaambia atamgeuza mzimu mtu yeyote "that lets me". Mimi niliisoma "anayeniruhusu", nikabaki nashangaa: amuue anayemruhusu, kwa kosa gani? Kumbe "let" ya zamani hizo ilikuwa na maana nyingine, ya kuzuia. Anamtishia anayemzuia, na ukishajua hilo onyesho zima linakaa sawa. Ndivyo ilivyo pia kwa "presently", ambalo kwake ni sasa hivi, na "fond", ambalo mara nyingi ni ujinga kuliko mapenzi. Juliet naye, katika Romeo na Juliet, anaposema "wherefore art thou Romeo", haulizi Romeo yuko wapi. Anauliza kwa nini awe Romeo, kwa nini abebe jina la ukoo ulio na uhasama na wa kwao. Nimeona watu wakiigiza mstari ule kwa kuchungulia huku na huku gizani kama wanaotafuta mtu, na nilikuwa mmoja wao.

Kwa hiyo kamusi usiitupe, ila usiifungue kwa kila neno. Ifungue pale neno rahisi linapoleta maana isiyoingia akilini.

Jambo lingine lililonipotosha ni "thou". Nililizoea kutoka kwenye maandiko ya dini na sala, nikaamini ni neno la heshima kuu. Ni kinyume chake. Kwa watu wa wakati ule "you" ndilo lililokuwa la heshima na la wengi, na "thou" lilikuwa la mtu wa karibu, mtoto, mtumishi, au mtu unayemshusha. Nilipolijua hili nilirudi kwenye tendo la tatu, pale Hamlet anapoingia chumbani kwa mama yake. Mama anasema, "Hamlet, thou hast thy father much offended," yaani umemkosea sana baba yako. Mwana anajibu, "Mother, you have my father much offended," yaani mama, wewe ndiye uliyemkosea sana baba yangu. Maneno ni karibu yale yale. Lakini mama anamwita kwa lugha ya mama na mtoto, na mtoto anamjibu kwa heshima baridi, ile unayompa mtu usiyetaka akusogelee. Na "baba" wa mama ni mume mpya, "baba" wa mwana ni yule aliye kaburini. Kwa mistari miwili nyumba nzima imevunjika. Nilikaa na mistari hiyo jioni nzima, na ndiyo mara ya kwanza tamthiliya hizi kunipa furaha.

Bado lakini nilikuwa nasoma, sisikii. Kilichonifungua masikio hakikutoka kwa Shakespeare.

Mama yetu alipenda sana tenzi za zamani zikighaniwa. Siku moja alikuwa anasikiliza utenzi wa Mwana Kupona, ule wa mwaka 1858 ambao mama anamuusia binti yake, nami nikaketi naye. Kiamu cha zamani kile, Kiswahili cha Lamu, maneno mengi hatuyatumii tena. Nikamuuliza, "Mama, 'upulike' ndiyo nini?" Akaninyamazisha kwa mkono mpaka beti zikapita kadhaa, ndipo akanijibu: "Usikilize. Anamwambia binti asikilize. Na wewe, sikiliza kwanza."

Hakuwa anajua kila neno. Hakuwahi kusimamisha utenzi kwa sababu ya neno. Aliliacha lipite, akashika sauti, akashika linalofuata, na ubeti ulipofika kwenye kituo chake maana ilikuwa imeshamfikia, kwa sehemu kubwa. Nikajiuliza kwa nini lugha yangu mwenyewe, ikiwa ngeni namna hii, naivumilia, na ya Shakespeare naitaka inijibu hapo hapo. Kumbe nilikuwa natafsiri, na tafsiri haiwezi kukimbizana na mtu anayesema jukwaani.

Basi nikaanza upya, safari hii na Kiswahili. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar, ikatoka mwaka 1963, kisha akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya The Merchant of Venice. S. S. Mushi naye alitafsiri Macbeth na The Tempest, na yake ya pili aliiita Tufani. Nilisoma Juliasi Kaizari kwa siku mbili, kwa sauti. Sikuwa natafuta kujifunza Kiingereza. Nilitaka kujua nani anamtaka nani, nani anamwogopa nani, nani anakufa na kwa mkono wa nani. Hilo nalipendekeza kwa moyo wote: ijue hadithi yote, pamoja na mwisho wake, kabla hujafungua lugha. Watu husema unajiharibia utamu. Hapana. Watazamaji wake wengi walijua kwamba Kaisari atauawa. Utamu uko kwenye namna anavyofikishwa hapo.

Baada ya hapo nikatazama filamu ya Julius Caesar ya mwaka 1953, ambayo Marlon Brando ni Antony, rafiki wa Kaisari, na James Mason ni Brutus, mmoja wa waliomuua. Tazama onyesho la mazishi hata kama hutatazama jingine. Brutus anapanda kwanza, anawaeleza watu kwa nini wamemuua Kaisari. Hoja zake zimepangwa vizuri, na anazitoa kwa nathari, lugha ya kawaida isiyo na mizani. Watu wanamshangilia. Kisha anaingia Antony na maiti, na yeye anazungumza kwa mizani. Sisi tuliolelewa na mashairi tunalishika hili haraka kuliko tunavyodhani. Tarbia zetu, mashairi ya mishororo minne kwa ubeti, zina mizani 16 kwa mshororo, nane kwa nane. Mshororo wa Shakespeare kwa kawaida una silabi 10, dhaifu na nzito zikipokezana mara tano, na mara nyingi hauna vina. Sikio lililozoea kuhesabu mizani linasikia mapigo yale hata kabla ya kujua maneno. Antony anasema Brutus ni mtu mwenye heshima. Anataja wema mmoja wa Kaisari, anarudi: na Brutus ni mtu mwenye heshima. Anarudi tena na tena, kama kibwagizo, na kila akirudi neno "honourable" linaoza zaidi, mpaka umati ule ule uliomshangilia Brutus unataka kuchoma nyumba yake moto. Sikuhitaji kamusi hata mara moja. Nilisimamisha filamu, nikarudisha nyuma, nikatazama tena mara tatu.

Tangu siku hiyo, nikitazama onyesho lolote najiuliza: huyu anazungumza kwa mizani au kwa nathari, na kwa nini amebadilisha? Hamlet anapojifanya kichaa anaacha mizani. Watumishi na wachekeshaji mara nyingi huzungumza nathari. Badiliko hilo linakwambia hali ya mtu kabla maneno hayajakwambia.

Kwenye filamu nilifanya makosa mawili yaliyonigharimu. La kwanza, kwa shauku niliruka moja kwa moja kwenye Hamlet ya Kenneth Branagh ya mwaka 1996, inayochukua maneno yote na kwenda saa nne. Ni kazi kubwa na leo naipenda, lakini si ya kuanzia. Nilichoka saa ya pili, nikajilaumu kwamba nimerudi kwenye ngazi. Anza na Macbeth, ambayo ni fupi kuliko tamthiliya zake nyingine zote za huzuni. Ile ya mwaka 2021 aliyoigiza Denzel Washington haifiki saa mbili, na imepigwa rangi nyeupe na nyeusi, uso wa mtu umejaa skrini, huna pa kukimbilia.

Kosa la pili liliniumiza zaidi kwa sababu lilitokea mbele ya watu. Nilijiunga na kundi dogo la wasomaji, na zamu ya Hamlet ilipofika nilikuwa nimebanwa, nikatazama filamu ya Laurence Olivier ya mwaka 1948 badala ya kusoma. Nikasimama nikaeleza kwa kujiamini jinsi tamthiliya inavyoishia ndani ya familia moja, bila mtu wa nje. Mwenzangu mmoja akaniuliza kwa upole, "Na Fortinbras?" Sikujua ni nani. Ni mwana wa mfalme wa Norwei anayeingia mwishoni na kuchukua ufalme, na Olivier alimwondoa kabisa, pamoja na Rosencrantz na Guildenstern. Nilikaa chini na sikusema tena siku hiyo. Filamu ni uamuzi wa mtu mmoja juu ya kipi kibaki, na kila mwongozaji anakata pake. Ukitaka kuzungumzia tamthiliya, pitia maandishi. Ukitaka kuzungumzia filamu, sema ni filamu ya nani.

Lakini nisieleweke kwamba kukata ni dhambi. Hamlet yenyewe ilitufikia kwa matoleo matatu yanayotofautiana, la mwaka 1603, la 1604 na lile la kitabu kikubwa cha 1623 kilichokusanya tamthiliya zake, na Macbeth isingetufikia kabisa kama wenzake wa jukwaani wasingekichapisha kitabu hicho miaka saba baada ya kifo chake. Nilipojua hivyo niliacha kuwashtaki waigizaji kwa kila mstari walioruka.

Tena kuna sababu ya kukata inayotokana na jukwaa lenyewe. Globe ya mwaka 1599, ukumbi wa kundi lake la waigizaji huko London, haikuwa na paa katikati. Walicheza mchana, juani, na watu wa kiingilio cha chini kabisa wakisimama mbele ya jukwaa. Hapakuwa na taa za kuzima. Usiku ulitengenezwa kwa maneno. Macbeth anaposema mwanga unaganda na kunguru anaruka kuelekea msituni, anawafunga watu macho saa tisa ya mchana. Nilikuwa naziruka sehemu kama hizo nikiziona ni mapambo. Siku hizi nazisikiliza nikiwa nimefumba macho, dada akinisomea. Kamera inaweza kukuonyesha kunguru mwenyewe, kwa hiyo filamu huzipunguza, na kwa upande wangu hapo ndipo filamu zinapopoteza kitu kisichorudishika.

Zipo pia filamu zilizoacha maneno yake yote. Akira Kurosawa aliipeleka Macbeth Japani mwaka 1957. Vishal Bhardwaj aliiingiza kwenye ujambazi wa Mumbai mwaka 2003, na Othello vijijini India mwaka 2006. Hizi zilinisaidia kuona mifupa ya hadithi. Na kuna Julius Caesar ya mwaka 2012 ya Royal Shakespeare Company, kundi la maigizo la Uingereza, iliyowekwa Afrika na kuigizwa na waigizaji weusi, maneno yakiwa ni yale yale ya zamani. Niliyasikia kwa lafudhi za kwetu yakatulia sikioni kuliko nilivyowahi kuyasikia. Mwaka huohuo, Globe mpya ya London ilialika tamthiliya 37 kwa lugha 37, na The Merry Wives of Windsor iliigizwa pale kwa Kiswahili. Nilipolisoma hilo nililia kidogo, na sioni haya kulisema.

Kuhusu maandishi yanayopita chini ya skrini, ushauri wangu ni huu: yawashe mara ya kwanza, kisha chagua onyesho moja ulilolipenda ulitazame tena bila maandishi. Macho yakiwa chini, nyuso zinakupita, na nusu ya maana iko kwenye nyuso. Zile tafsiri za Kiingereza cha leo zinazowekwa ukurasa wa pili nazo ni za kukimbilia ukikwama tu. Nilipozitegemea, nilijua kila kinachosemwa na sikusikia chochote.

Kilichonijenga kuliko vyote ni kusoma kwa sauti na Dada. Nusu saa, onyesho moja, yeye Macbeth mimi mkewe, halafu tunabadilishana. Tulikosea matamshi, tukaendelea. Sentensi iliyokuwa fundo kwenye karatasi ilijifungua mdomoni, kwa sababu pumzi inajua pa kukata. Usisimame mwisho wa mstari. Simama penye nukta. Hilo peke yake lingeniokolea mwaka mzima.

Mwaka jana tulikwenda kuona Macbeth jukwaani. Viti vya mbele, vichache lakini tuliviwahi mapema. Hadithi tulikuwa nayo kichwani, kitabu nilikiacha nyumbani. Dakika kumi za mwanzo sikushika karibu chochote, na safari hii sikushtuka. Nilijua sikio linazoea kama macho yanavyozoea giza. Kisha, bila mimi kujua ni lini hasa, nikawa naelewa.

Tendo la tano, daktari na mtumishi wa kike wamejibanza. Mke wa Macbeth anaingia na mshumaa, macho wazi, amelala. Anauweka chini, anaanza kusugua mikono. Huyu ndiye usiku walipomuua mfalme alimwambia mumewe kwamba maji kidogo yatawasafisha. Sasa anasugua doa ambalo halipo. Muigizaji alisugua polepole, kidole kimoja kimoja, mpaka nikasikia ngozi. Na hana mizani tena. Malkia yule aliyepanga kila silabi sasa anazungumza vipande vipande, nathari tupu. Dada akanishika mkono. Naye alikuwa amesikia. Kisha yule mwanamke akasema, kwa sauti ya mtoto anayeimba, kwamba thane wa Fife alikuwa na mke, yuko wapi sasa?

Neno "thane" sikulijua. Nililitafuta siku ya pili, ni mkuu wa eneo chini ya mfalme huko Skotlandi. Lakini pale kitini nilijua mke huyo ni nani, ni mke wa Macduff, nilikuwa nimemwona akiuawa kwa amri ya Macbeth pamoja na watoto wake muda mfupi tu uliopita, na nilijua kwamba hata aliyelala usingizini analijua hilo. Akanusa mkono wake, akasema manukato yote ya Uarabuni hayatautoa harufu. Akaokota mshumaa. Daktari aliyekuwa akiandika maneno yake akaacha kuandika, na ukumbini hakuna aliyekohoa mpaka alipotoka.